Blanketi Juu ya Friza

Ruti, Mbarara,
Jumamosi, 27 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Ancilla,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote mnaolala chini ya paa moja huko Winnipeg. Mgongo unaendeleaje? Ulisema unakuuma ukisimama muda mrefu kazini, na tangu siku hiyo Mama anautaja katika maombi ya asubuhi, wakati mwingine kabla ya kunitaja mimi. Mwanao Ngabo ameshazoea shule mpya? Mwambie niliona picha yake akiwa na lile koti kubwa, nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kuna nini.

Sisi huku tu wazima. Bibi Mukarukundo bado yuko kambi ya wakimbizi ya Nakivale pamoja na Baba. Alitibiwa jicho la kushoto na sasa anasoma tena Biblia yake, ingawa analalamika kwamba herufi za siku hizi zimekonda. Baba amepanda maharage, na mvua imeanza vizuri. Anakusalimu sana, anasema dada yake asisahau kuvaa soksi.

Uliuliza kuhusu masomo yangu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na matokeo hayakuwa mabaya, fizikia ndiyo iliyonibeba. Kwa sasa namsaidia Mama hapa Ruti kuuza maziwa, na mwakani Mungu akipenda nitatafuta nafasi ya ufundi.

Barua hii anakuletea Mutabazi, mtoto wa mchungaji wetu wa Nakivale, aliyekubaliwa kuhamia huko kwenu. Ungeweza kusema, Mutesi, si ungenipigia simu tu? Unajua nikisema kwa simu maneno yananikimbia. Lakini iko sababu nyingine, nayo inamhusu jirani yetu Kasim na ujumbe wa sauti ambao Mama alikutumia mwezi wa nane. Nakuomba usome mpaka mwisho hata ukiwa umechoka.

Nianze na umeme wenyewe. Nakivale tulikuwa na taa ya sola tu, jua likitoka unachaji, likikataa unalala mapema. Hapa mjini kuna mita ya kulipia kwanza, inaitwa Yaka. Unanunua yuniti kwa simu, unapewa namba ndefu, unaibonyeza kwenye mita. Kwa watu wa hapa jina hilo lina maana ya kuwaka. Baba, ambaye Kilingala chake ni cha miaka ile ya wanajeshi kule Kongo, alipolisikia alicheka sana.

"Yaka? Si ni 'njoo'? Basi munaiita njoo, nayo inaenda tu!"

Tulicheka naye. Halafu tulipofungua duka kicheko kikaisha, kwa sababu ilikuwa inaenda kweli. Yuniti ambazo wenye duka la jirani wanazitumia wiki nzima, sisi zilikuwa zinatutosha siku tatu. Mwezi wa saba fedha karibu yote ya maziwa iliingia kwenye mita. Mama alisema mwezi wa nane ukiwa hivyo hivyo, tunafunga na kurudi Nakivale. Mimi nilimsikia usiku akihesabu kwa vidole.

Sasa nikueleze Kasim ni nani. Ni kinyozi, chumba chake kimegusana na chetu. Baba yake alikuwa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha kambini, cha kuamrisha, lakini moyo wake ni laini. Siku friza ilipofika, yeye na bodaboda mmoja ndio walioibeba mpaka ndani, akakataa soda. Mimi ananiita Katibu, kwa kuwa naandika hesabu ya lita kwenye daftari na sisemi.

Nyuma ya vyumba vyetu kuna waya mweusi unaopita ukutani kuelekea saluni yake. Siku moja Mama aliuona. Akauangalia sana. Kisha akatoka mbele, wateja wakiwa wamejaa, akasema kwa sauti:

"Sasa nimejua fasi umeme yetu inaendaka! Iko ndani ya mashini ya kunyoa!"

Kasim alifikiri ni utani. "Wewe Mama Maziwa, mimi nakula umeme yako na mdomo gani? Mimi iko na mita yangu!"

"Na ule waya?"

"Ule ni ya antena, mama. Ya televisheni. Kuja uone."

Mama hakwenda kuona. Aliona aibu kurudi nyuma mbele ya watu, nadhani, na maneno yakazidi. Jioni hiyo ndipo alipokutumia ule ujumbe kwamba jirani wa hapa anatuibia. Najua ulisikitika kwa ajili yetu, na najua uliwatumia wenzako wa kanisa ujumbe huo ili watuombee. Hukufanya kosa, Shangazi. Uliamini alichosema wifi yako.

Ila tazama kilichotokea. Kati ya wenzako yupo mtu mwenye binamu hapa Ruti. Ujumbe ukakatwa, kikabaki kipande kinachosema "Kasim kinyozi ni mwizi", kikarudi huku kwenye simu za watu. Askari wa Makenke waliokuwa wananyolewa kwake kila Ijumaa wakaanza kupita moja kwa moja. Mwenye nyumba akamwita, akamwambia hataki mwizi wa umeme kwenye nyumba yake, mwisho wa mwezi atoke. Kasim ana mke na watoto watatu. Mama naye alikuwa amesema Jumatatu ataenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuandikisha mashitaka.

Siku hizo sikulala vizuri. Mimi sikuwa na uhakika kwamba Kasim haibi. Nilikuwa na shaka tu, na shaka yangu ilitoka kwenye taa nyekundu.

Kwenye mita kuna kitaa kidogo chekundu kinachopepesa. Kadiri unavyotumia umeme ndivyo kinavyoharakisha. Nilikuwa nakaa dukani bila wateja nakiangalia, na bila kutaka nikaanza kukihesabu. Tukiwasha jiko la koili kuchemsha maziwa, kilipepesa kama mara ishirini na tano kwa dakika. Jiko likizimwa, mara tatu. Taa ya chumbani hata huioni tofauti. Nikaandika yote kwenye daftari. Kisha nikawaza: tukizima kila kitu chetu, na mtu ametoa waya kwenye mita yetu, kitaa kitaendelea kupepesa. Kikisimama, hakuna mtu.

Jumamosi mchana nilimwambia Mama. Nilisema nikiangalia ndoo.

"Mama, kama unaenda kwa mwenyekiti atakuomba ushahidi. Tuupate leo."

Neno ushahidi lilimpendeza. Tukazima jiko, taa, simu tukazitoa kwenye chaji, nikachomoa friza. Saluni ilikuwa wazi, tulisikia mashine ya Kasim ikinguruma kichwani mwa mtu. Mama akasimama mbele ya mita na mikono kiunoni, kama anayemngoja mwizi mlangoni. Dakika moja. Mbili. Tano. Mashine inanguruma, kitaa kimezima. Tulikaa dakika kumi nzima.

"Labda imekufa," Mama alisema.

Nikarudisha waya wa friza. Kikapepesa.

Mama alikaa kwenye kigoda. Mimi ningeweza kuachia hapo, lakini bado tungefunga duka, kwa hiyo nikaendelea. Nilimwambia kwamba koili tunaijua, inakula sana lakini ni saa mbili tu kwa siku. Kinachonishangaza ni friza. Friza inatakiwa ingurume kisha ipumzike, ingurume, ipumzike. Yetu nilikuwa sijawahi kuisikia ikinyamaza.

"Si ni muzuri? Inatumika," alisema.

Ndipo nilipoingiza mkono chini ya blanketi.

Lazima nikueleze blanketi hilo, na usicheke. Unajua kwetu chombo cha maziwa hakikai wazi. Kina kifuniko chake, na wageni hawaangalii ndani ovyo. Mama alipopata friza, kwake ilikuwa chombo cha maziwa, kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuwa navyo. Akaweka kitambaa cha kufuma juu. Akaona haitoshi. Akachukua blanketi zito mlilotutumia wewe na mume wako Appolinaire, akaifunika pande zote mpaka sakafuni na kuifunga kwa kamba, ili baridi isitoke na macho ya watu yasiingie. Aliifunika kwa heshima.

Ubavu wa friza ulikuwa na moto kama paji la uso la mtoto mwenye malaria. Mwalimu wetu wa fizikia alituambia mashine hii haitengenezi baridi, inachukua joto la ndani na kulitupa nje. Sasa tumeifunga blanketi, litupwe wapi? Tena tulikuwa tunamimina maziwa yaliyotoka kuchemka, yanatoa mvuke, na kufunga upesi ili yasikae wazi. Maskini ile mota ilikuwa inafanya kazi mchana na usiku kuyapoza yale tuliyoyapasha sisi wenyewe.

Mama alikata kamba kwa kisu. Alikunja blanketi taratibu, akaliweka mapajani. Baada ya kama saa moja hivi, friza ikanyamaza, na tukatazamana.

Tangu siku hiyo maziwa tunayapoza kwanza kwenye beseni la maji, sufuria ikiwa na kifuniko chake, ndipo yanaingia. Friza tumeisogeza kutoka ukutani upana wa mkono. Wateja wakija wengi tunatoa dumu moja mara moja, hatufungui kwa kila kikombe. Asubuhi tunachemsha kwa makaa, koili ni ya dharura. Zamani tulikuwa tunatumia karibu yuniti nane kwa siku. Sasa ni tatu na kitu, nimeandika kila siku. Duka halifungwi, Shangazi. Hatukulipa fundi wala kununua kitu, kwa hiyo usitutumie ile fedha ya friza mpya uliyoahidi.

Na wewe ulisema wakati wa theluji bili ya gesi na umeme inakutisha. Mimi nyumba za huko sizijui, lakini ukipata siku ya mapumziko, zima vitu kimoja kimoja huku ukiiangalia mita, uandike. Labda na kwako kuna kitu kinachofanya kazi bila kupumzika na hakuna aliyekisikia. Na tazama kama kochi au pazia halijaziba pale hewa ya moto inapotokea. Nisamehe kama nakufundisha, mimi ni mtoto wako.

Nirudi kwa Kasim. Jumapili baada ya ibada Mama alijaza chombo cha maziwa, akakifunika vizuri, akaenda saluni akiwa na nguo ya kanisani. Nilimfuata nyuma. Aliongea mbele ya wateja, kwa kuwa mbele ya wateja ndipo alipomtukana. Alisema, "Kasim, nilikusingizia. Ni miye nilikuwa najiibia."

Kasim alizima mashine. Mtu aliyekuwa kwenye kiti alikuwa amenyolewa nusu kichwa, akabaki hivyo hivyo anasikiliza. Kasim alipokea maziwa kwa mikono miwili, akanywa, akafuta mdomo.

"Mama Maziwa, mimi nimesamehe. Kabisa. Lakini ile maneno yako ilipanda ndege, ikaenda Kanada. Nani ataenda kuirudisha? Mimi sina paspoti."

Wateja walicheka, naye alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Mama alikwenda kwa mwenye nyumba siku ile ile, na Kasim ameruhusiwa kubaki. Kinachobaki ni watu wa Makenke. Wachache wamerudi. Wengine bado wana kile kipande kwenye simu, na wanasema kimetoka kwenu, kwa watu wa Mungu, kwa hiyo ni kweli.

Mama hakutaka kutuma ujumbe mwingine wa sauti. Anasema sauti inakatwa vipande, karatasi mtu akiikata inaonekana. Ndiyo maana nakuandikia. Tunakuomba, Shangazi, Jumapili mkikutana, barua hii uisome mbele ya wote waliosikia ujumbe ule, hata sehemu ya blanketi. Mama amekubali wacheke. Na yule mwenye binamu Ruti umwombe awaandikie ndugu zake.

Nisalimie sana mume wako Appolinaire, Ngabo, na wote wa kanisa wanaotukumbuka. Bibi anawabariki na kusema Mungu awape joto ndani ya nyumba na amani na majirani wa pande zote mbili. Mimi naongeza kwamba akupumzishe mgongo.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Mutesi

Hapa chini Mama ameomba kalamu. Anaandika polepole, nimemwachia nafasi.

Ni miye Mukandoli. Kasim hakuiba kitu. Nilisema uongo bila kujua, sasa ninajua. Wifi, usome kwa sauti.