Nilimsukuma Mchumba Wangu kwa Papa, Sasa Naitwa Shujaa

Shangazi mpendwa, naomba msaada na naomba usicheke. Mimi ni kinyozi, mchumba wangu kazi yake ni kuwaongoza wageni wanaozamia baharini, na mwezi uliopita alinialika kwenye pango lililo chini ya maji, nikakubali kwa sababu dada zake walikuwa wanasikiliza, basi tukaingia mle na mitungi ya hewa mgongoni, giza, tochi moja anayo yeye, mara papa watatu hao wanakuja taratibu kama wenye nyumba, na mimi, Shangazi, nikamshika mchumba wangu mabega, nikamweka mbele yangu, tena nikamsukuma. Papa wakapita zao. Yeye akageuka, akanimulika usoni.

Ningenyamaza yangeisha, lakini kesho yake saluni nikasimulia kwamba nilimkinga kwa kifua changu, wateja wakapiga makofi, na tangu hapo kila nikinyoa kichwa natia chumvi, papa wamefika tisa, mmoja nimempiga ngumi ya pua. Mama yangu akamwambia, "Mkwe wangu, mshukuru mwanangu, saa hizi ungekuwa marehemu." Akajibu, "Asante, mama." Juzi kaja saluni, kakaa kwenye benchi la wateja, nikaikatiza hadithi, akasema, "Endelea, ulifika kwenye ngumi." Nikaendelea, ningefanyaje? Sasa anataka Jumamosi turudi pangoni, sisi wawili tu. Nampenda, harusi ni mwezi ujao. Nijifanye mgonjwa, au nimwombe anifichie siri?

Kinyozi, maji ya shingo

Mwanangu kinyozi,

Nimecheka, unisamehe. Kuogopa papa si aibu. Mimi nikiona panya jikoni namsukuma mume wangu mbele, na miaka thelathini hajadai talaka. Lakini saluni kulikuwa na papa gani? Na kwa mama yako je? Pale ulikuwa mkavu, umeshiba, hewa tele, na bado ukamwacha binti wa watu ashukuru kwa jambo ambalo hukumtendea. Alipokuja kwenye benchi lako alikuwa anakupa nafasi useme mwenyewe, nawe ukampiga papa ngumi tena! Loo, huna haya.

Ugonjwa usiniletee. Kesho saluni ikijaa, mwite, zima mashine, useme ulivyomsukuma, papa watatu, ngumi hakuna. Watakucheka, wacha wakucheke. Kisha nenda kwa mama yako urudie yale yale, na huko usijifiche nyuma ya mtu.

Ukishasema, Jumamosi nenda, na ukiogopa mshike mkono. Ukishindwa kusema, vunja uchumba wewe mwenyewe, umwache azamie na wageni wake. Wale papa hawajamdhuru hata siku moja. Wewe umeshamdhuru mara mbili.