Soksi ya Idi

Jumanne, Julai. Majengo.

Nimeliondoa lile gunia dirishani. Basi.

Muuguzi wa kliniki alinisema leo mbele ya watu. "Mama Rukia, unamfungia mtoto ndani na moshi wa jiko, halafu unauliza mbona haachi kukohoa? Fungua dirisha. Aote jua, acheze, ale sukumawiki, anawe mikono, alale mapema."

Hajui kwa nini nililiziba. Kaka yake Rukia, Idi wangu, alichukuliwa na nimonia msimu wa baridi kama huu. Tangu hapo upepo wa mlimani nausikia kama mtu anayetafuta pa kuingilia.

Nilipolivuta gunia, soksi ikaanguka. Ya Idi. Mimi mwenyewe niliisokomeza kwenye ufa, nikasahau. Nikaifua, nikaianika uani, nikaketi kuitazama kama mjinga.

Jioni Rukia alirudi kutoka kucheza, matope hadi magotini. Nikamwambia anawe. Baba yake alikuwa akitawadha, naye akamwiga: mikono, mdomo, uso, mpaka miguu. Maji baridi hivyo, na anacheka. Nilitaka kumkataza, nikajizuia.

Kisha akaivuta ile soksi kwenye kamba, akaivaa.

"Mama, ona. Imenitosha."

Baba yake akageuza uso.

Sasa amelala nayo. Dirisha liko wazi, hakohoi, na mimi bado nasikiliza.

Imemtosha kabisa. Mguu wa Idi uliishia hapo. Wa Rukia, inshallah, utaendelea.