Mikaratusi Chini ya Chupa ya Uji

Erica, niko nje ya wodi nimejibanza ukutani. Aibu niliyoipata leo!! 😭

Unamjua shangazi Tereza, nesi mstaafu. Kalazwa na huu ugonjwa mpya wa kifua, ana mipira ya oksijeni puani. Siku ya tano hii hasikii harufu yoyote, hata ya kitunguu.

Basi daktari kaja na sindano. Shangazi kaficha mkono. "Hiyo ya nini?"

"Antibaiotiki, mama. Ndio utaratibu."

"Ugonjwa si wa virusi? Sasa hiyo itaua nini humu?"

ERICA. Mbele ya manesi wote! Nikarukia, "Daktari tusamehe, ni homa hiyo inaongea."

Daktari kafungua faili. Kasoma majibu ya vipimo, kayarudia. "Mama yuko sahihi. Hii haihitajiki. Tunabaki na oksijeni."

Yuko sahihi!! Na mimi nimeshamwombea msamaha!

Mara shangazi kaanza kunusanusa. "Restuta, kwenye kapu kuna nini?"

"Uji wa uwele, shangazi."

"Na chini ya chupa ya uji?"

Majani ya mikaratusi, Erica. Nilipanga nikamfukize kwa siri kule bafuni.

"Na hayo ya nini? Nani kayapima? Unataka kunibabua na mvuke?"

Wodi nzima kicheko. Halafu machozi yakamlengalenga shangazi. "Jamani. Nimesikia harufu."

Daktari kaandika kwenye faili, nimeona kwa macho yangu: "Ameanza kunusa. Mikaratusi ya Restuta."