Jogoo wa Taa ya Zahanati

Mama Mkubwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako, maana Baba Mkubwa amenipa. Yeye hajambo. Anakula akikumbushwa. Mbuzi wako mmoja tumemuuza, wengine bado wanaiba mihogo ya jirani kama ulivyowaacha.

Wazee wa kanisa walinipa mimi mnada wa mavuno. Sikuomba. Walisema mtoto wa mdogo wako lazima atakuwa na mdomo wako, nikawaambia mdomo haurithiwi, hawakusikia. Ile taa ya sola uliyoipigania kwenye minada yako yote ilikuwa bado haijapatikana. Kule zahanati manesi walikuwa wanazalisha kwa tochi ya simu, na binti yangu Nyamisi alikuwa na mimba ya mwezi wa nane. Kwa hiyo nilisimama.

Nilijaribu mbinu zako zote. Nilimwekea mzee wa kanisa boga mapajani, nikatangaza kwamba ameshalinunua. Nilitoza watu ili mchungaji acheze, kisha nikatoza wengine ili aache. Walicheka, lakini kwa adabu, kama watu wanaomsaidia mgonjwa kutembea. Wewe walikuwa wanakuchekea mpaka machozi. Nikuambie ukweli, nilikukasirikia kidogo pale mbele.

Jogoo nilimbakiza mwisho, kama wewe, kwa sababu ndiye anayejaza kikapu. Mtu anamnunua, anasema "namrudisha kwa Bwana," jogoo anawekwa tena mezani, ananunuliwa na mwingine, mpaka watu wachoke au yeye achoke. Kwetu hata watoto wanalijua hilo, ndiyo maana sikulieleza. Sasa alikuwepo mgeni, mfanyabiashara wa Bunda aliyeoa hapa kijijini juzi juzi. Akapandisha dau, akalipa, akamshika jogoo miguu, akashukuru vizuri sana, akatoka naye. Tukasikia pikipiki inawaka. Mkewe akajifunika uso kwa kitenge. Mimi nikabaki na meza tupu, pesa za taa bado hazijatosha.

Hapo Baba Mkubwa akasimama. Tangu tukuzike alikuwa hajafungua kinywa kanisani, hata amina. Akasema, "Mimi namnunua huyo jogoo."

Nikamwambia kwa upole, Baba, jogoo ameshaondoka.

"Nimeona. Namnunua, halafu namrudisha."

Akaja mbele polepole, akaweka pesa kikapuni, akawageukia watu. "Mtoto wetu wa kwanza alizaliwaga mule zahanati gizani, akafia mule mule. Mama yake alikuwaga ananiuliza, hivi alifanana na nani? Sikumwona vizuri."

Miaka yote hiyo hukuwahi kuniambia, Mama Mkubwa. Nilidhani unapenda mnada tu.

Baada ya hapo sikuwa na kazi. Watu walijipanga kumnunua jogoo asiyekuwepo, na kila mmoja akamrudisha. Yule wa Bunda alipigiwa simu, akatokea kabla ya baraka, jogoo kwapani, jasho linamtiririka, anaomba radhi kwa kila aliyekaa karibu na mlango. Tulimwambia aende tu akamle. Sasa ndiye anayecheka kuliko wote akisimuliwa.

Taa ilinunuliwa Musoma mjini, fundi akaja kutoka Kiabakari kuifunga. Nyamisi alijifungua chini yake, mtoto wa kike, na nesi aliniruhusu kuwemo ndani. Nilimwona mtoto vizuri: kope, kidevu, kucha. Nikalia kwa sauti, mimi ambaye kwenye msiba wako nilikuwa nagawa sahani tu, watu wakasema nina moyo mgumu.

Asubuhi Baba Mkubwa alikuja. Jua lilikuwa limeshatoka, lakini aliomba taa iwashwe. Akamshika mtoto, akamtazama muda mrefu, nesi akaacha hata kumhimiza. Mwishowe akasema, "Anafanana na mama yake," akanirudishia, akaenda kukaa nje peke yake.

Nakukumbuka, Mama Mkubwa. Nakukumbuka sana, ingawa sijui kulisema mbele za watu. Upumzike sasa. Mnada wa mwakani nitausimamia mimi, wacheke wasicheke. Na kila mtoto atakayezaliwa mule chumbani, nitapita kaburini kwako nikuambie amefanana na nani.

Mwanao,
Rebeka