Kulenga Baharini

Baba yangu, shikamoo. Nawasalimu wewe, Mama na wadogo zangu kutoka Mombasa, ambako hata chai ina ladha ya chumvi.

Kesho bwana niliyekuja naye kumbebea fimbo zake anapumzika, na sisi wabeba fimbo tutaachiwa uwanja wa gofu tushindane wenyewe. Shimo linalotusumbua liko kando ya bahari, maji yakiwa kulia. Ni la mipigo minne, na njia yake inapinda kushoto kama kiwiko. Jana nililicheza Kikisii: nililenga kichuguu cha kushoto, nikangoja mpira uteremke wenyewe kama kwenye uwanja wa huko nyumbani unakokata nyasi. Upepo wa bahari uliuzoa ukautupa kichakani. Nilihangaika saa nzima kuutafuta, na wenyeji wakacheka: "Mkisii, hapa hakuna mlima!"

Wamekosea, Baba. Vichwa vya minazi yote vimeelekea bara. Mlima upo, ni huo upepo. Wao wanaogopa maji, wanalenga kushoto, na wote wanaishia kichakani. Mimi kesho nitapiga kuelekea majini, upepo uurudishe mpira hadi konani. Pigo la pili litaufikisha karibu na shimo, na mawili yatakayobaki ni ya kuuingiza.

Mpira wangu ni ule ule mmoja ulioniokotea nyasini. Mama aniwekee chinsaga, mboga za huku hazishibishi. Na nikirudi bila mpira, msiniulize mimi. Ulizeni upepo.

Mwanao, Yusufu