Kadi Imeandikwa "Hasikii"

Mpendwa mshauri, Bibi Anatolia,

Naomba msaada, ila tafadhali usinipigie kelele, maana hii ni wiki ya tano kila mtu hapa Kamachumu ananipigia kelele sikioni kana kwamba mimi niko kisiwani Goziba na wao wako Bukoba.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya ya usharika wetu, umri wangu miaka arobaini na sita, mgongo wangu miaka tisini. Uliharibika siku ya kazi ya kujitegemea, tulipokuwa tukisomba mawe ya darasa jipya, nami badala ya kuchukua jiwe la kiasi changu nikachagua lile ambalo vijana walilikwepa, kwa sababu waimbaji wa sauti ya kwanza walikuwa wanatazama. Tangu hapo kuinama kufunga kamba za viatu ni safari, na kitandani sigeuki mpaka mke wangu Kokuhirwa anisukume.

Ikasemekana kuna daktari wa Kichina, Daktari Lin, amefika hospitali moja mjini Bukoba, anatibu maumivu kwa sindano. Kabla hata sijapanda basi nikajitangaza kwenye mazoezi ya kwaya, mbele ya Philbert wa besi ambaye amekitamani cheo changu siku nyingi, kwamba wakisikia nimesema hata "ai" moja, wanivue uongozi.

Sasa Bibi, mimi sindano ninayoijua ni ile yenye bomba na dawa. Za huyu bwana ni nyembamba kama unywele, hazina bomba wala dawa, anachomeka kiunoni na nyuma ya goti, anazizungusha kwa vidole, halafu anauliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Unasikia?" Na kweli nilisikia: ulikuja uzito, kisha kitu kikatambaa mpaka kwenye unyayo kama senene, yule panzi wetu, aliyepotea njia. Lakini karani wa kadi alikuwa amesimama pale, naye ni shemeji yake Philbert! Nikajibu kwa sauti nene, na neno letu la heshima juu yake, "Sisikii, waitu!" Daktari akazungusha tena. "Sasa unasikia?" "Sisikii kitu, daktari!" Akatikisa kichwa, akachoma pengine, akauliza, nikakana, nikakana mpaka nikampita Petro, jasho linanitoka hadi kwenye kope, na mwishowe daktari akamwambia karani aandike, naye karani akaandika alichosikia: HASIKII.

Wiki iliyofuata kadi ikanitangulia. Nikapangwa kwenye benchi la viziwi, nikachomwa sindano kuzunguka masikio yote mawili, mgongo wangu umekaa tu unangoja zamu yake, nami kimya, kwa sababu kueleza kosa la kadi ni kueleza uongo wangu. Karani akaifikisha habari Kamachumu kabla ya basi langu. Nikisema nasikia, watu wanasema, "Maskini, anasoma midomo." Sasa wazee wa kanisa wanataka kwaya apewe Philbert Jumapili ijayo, mtu anayeongoza wimbo kama anafukuza nzi.

Tena nikiri yote, Bibi: mwanzoni niliupenda huo uziwi. Balozi wetu wa nyumba kumi haniiti tena vikaoni, na Kokuhirwa akisema kutoka jikoni kwamba ndizi zimeiva, naenda, nakula, nanyamaza. Raha mustarehe. Lakini Jumamosi nilikuwa nimelala mkekani, Kokuhirwa na dada yake Kemilembe wanamenya ndizi nje ya dirisha. Kemilembe akamwonea huruma kwa kupata mume kiziwi. Kokuhirwa akajibu, wala hakupunguza sauti, "Daktari ameandika juzi. Mimi ningeandika miaka ishirini iliyopita. Nilimwambia liache hilo jiwe, hakusikia. Na nilipofiwa na mama, nalia, huyu akakaa kunifundisha sauti ya pili ya wimbo wa mazishi."

Nililia, Bibi. Nililia polepole, maana kiziwi akilia bila sababu watamwandikia na ugonjwa wa kichwa.

Je, nirudi kwenye sindano au niache? Kwaya nifanyeje? Na Kokuhirwa nimwambieje kwamba nasikia? Jina langu lisitajwe, ingawa Kamachumu mwalimu wa kwaya mwenye mgongo kama huu ni mmoja tu.

Wako,
Mwalimu

*

Mwalimu,

Pole kwa mgongo. Kwa mengine yote sina pole.

Nimemwuliza muuguzi mmoja aliyefanya kazi na madaktari wa aina hiyo, naye amecheka mpaka akakaa chini. Baba, daktari hakuulizia ushujaa wako! Ule uzito, ile ganzi, huyo senene wako anayetambaa, ndicho anachokitafuta. Ungesema "nasikia", angeacha kuzungusha, angekuacha ulale kama nusu saa, na wengine husinzia hapohapo wakakoroma. Wewe ukajipatia michomo kumi kwa kazi ya mmoja.

Rudi. Mwambie Daktari Lin ukweli, hata karani akiwa amesimama juu ya kichwa chako. Kula kwanza, usiende na njaa ukazimia. Hakikisha sindano zimechemshwa. Usidai dawa ndani yake, haimo. Ukisikia uchungu mkali wa kuunguza, sema papo hapo. Waweza kutoka tone la damu au kubaki na alama, usiite mkutano. Na usitegemee kupona kwa siku moja: wengine huenda mara nane, mara kumi, wengine hupata nafuu kubwa, wengine kidogo, wengine hawapati kabisa, na anayekuahidi zaidi anakudanganya. Lakini miguu ikianza kulegea, au mkojo ukikushinda, usingoje zamu ya sindano, kimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu kwaya, uliweka sharti mwenyewe. Basi kabla ya Jumapili simama mbele yao, mbele ya Philbert, simulia yote tangu jiwe mpaka benchi la viziwi, kisha useme "ai" kwa sauti wanayoijua. Wakikuvua uongozi, kaa na besi, upumzishe huo mgongo, umwache Philbert na nzi wake. Wakicheka, shika wimbo uendelee.

Sasa Kokuhirwa. Mwalimu mzima, husomi hata barua uliyoandika kwa mkono wako? Mke anasema akiwa jikoni kwamba ndizi zimeiva, nawe unakuja. Kiziwi gani huyo? Mwanamke mwenye siri hamenyei ndizi chini ya dirisha la mumewe. Yale maneno hakumwambia Kemilembe.

Kwa hiyo usijisumbue kumweleza kwamba unasikia. Anajua. Leo jioni chukua kisu, kaa naye mmenye ndizi pamoja, umwulize habari za marehemu mama yake. Halafu funga mdomo.

Bibi Anatolia