Sadaka ya Jogoo Mwekundu

Sepuka, Jumapili usiku

Bado nacheka peke yangu. Leo ilikuwa ibada ya mavuno, na asubuhi mume wangu Elia alinisihi nipeleke sadaka yule jogoo anayechechemea. Yule mwekundu, Elia alishaahidi kumuuzia mchuuzi wa mjini, ili tupate bati za jiko.

"Yaani Mungu ndiye apewe kilema?" nikamuuliza.

"Mama Neema, Mungu hanyeshewi jikoni."

Nikamkamata mwekundu, nikatangulia kanisani. Njiani niliogopa. Mvua zinakaribia, na lile paa la jiko linavuja kweli.

Wakati wa mnada wa sadaka, mzee wa kanisa alimnyanyua juu ili wote wamwone. Jogoo akajinasua, akarukia mimbari, akawika. Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji akasema, "Huyu ametushinda kwa kusifu!" Niligeuka kumtafuta Elia. Alikuwa nyuma kabisa, anafuta machozi kwa kucheka.

Kwaya ndiyo iliyomnunua. Tukiwa njiani kurudi nikawa nasubiri lawama, lakini Elia akasema, "Umefanya vizuri. Yule kilema ningemwonea aibu. Bati zitapatikana tu. Mwakani tumtolee Mungu mbuzi wako."

Mbuzi wangu! Yule wa maziwa, niliyemlea mwenyewe tangu mama yake afe...

Kumbe kumtanguliza Mungu kwa jogoo wa Elia kulikuwa rahisi. Nimesali, nimekubali. Ila nimemwomba Bwana anipe huu mwaka wote wa kujizoeza.